Gari la Seti: Namna ya Kumiliki na Kuuza Caterham Seven

Mtu anayenunua Toyota Vitz iliyotumika huuliza imetembea kilomita ngapi na kama imewahi kugongwa. Mtu anayenunua Caterham Seven iliyotumika huanza na swali jingine kabisa: ni nani aliyeifunga? Swali hilo lina msingi, kwa kuwa gari hili la Kiingereza lenye viti viwili, lisilo na milango kamili, lenye madigadi ya mbele yaliyojitenga na bodi, huuzwa ama likiwa tayari ama likiwa masanduku ya vipande, na mengi ya yale yanayozunguka sokoni yalifungwa bolti kwa bolti na watu ambao kazi zao za mchana ni uuguzi, ualimu, uhasibu au udereva wa basi. Mwongozo huu unaandikwa kwa Mswahili anayeishi Uingereza ambaye amevutiwa na gari hilo, au ambaye tayari analo na sasa anataka kuliuza. Unasimama juu ya hoja moja, nayo ni kwamba gari la seti huuzwa kwa ushahidi, na ushahidi huo hukusanywa tangu siku sanduku la kwanza linapofunguliwa, si wiki moja kabla ya kutoa tangazo.

Hatua ya kwanza: fahamu ni gari gani uliyo nayo

Asili ya gari hili ni Lotus Seven, iliyobuniwa na Colin Chapman na kutolewa mwaka 1957. Wakati huo serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya manunuzi kwa gari lililokamilika, lakini vipande vilivyouzwa vikiwa havijaunganishwa havikuguswa na kodi hiyo, na ndiyo maana vijana wenye mifuko miepesi na spana zao walikuwa wateja wakubwa wa Lotus. Tarehe 1 Aprili 1973 kodi hiyo ilifutwa na mahali pake pakachukuliwa na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo haibagui sanduku wala gari kamili. Mwaka huohuo Lotus iliachana na Seven, na haki za kuitengeneza zikachukuliwa na Caterham Cars ya Graham Nearn, aliyekuwa akiyauza magari hayo katika mji wa Caterham, Surrey. Tangu 2021 kampuni imo mikononi mwa VT Holdings ya Japani, na umbo la gari bado ni lilelile ambalo mzee wa mwaka 1968 angelitambua akiwa ng'ambo ya barabara.

Historia hii si mapambo. Bei ya gari lako inategemea mahali linapoangukia ndani yake, na muuzaji asiyejua kulieleza atapangiwa bei na mnunuzi. Anza na injini, kwa kuwa ndiyo inayogawa soko: magari ya zamani yana injini za Ford zenye kabureta, yale ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mara nyingi yana injini ya Rover ya K-series, na ya baadaye yana Ford Sigma au Ford Duratec. Lipo pia tawi dogo la injini ya Suzuki yenye silinda tatu, sentimita za ujazo 660 na tabo, ambayo kwenye toleo la Seven 170 la mwaka 2021 hutoa nguvu farasi 84. Anayezoea kusikia nguvu farasi 300 atacheka, mpaka aambiwe kwamba gari zima lina uzito wa kilo 440, kama nusu ya Vitz, na kwamba linafika maili 60 kwa saa ndani ya sekunde 7.

Baada ya injini, tazama nyuma. Magari ya zamani yana ekseli moja ngumu ya nyuma. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 uliingia mfumo wa de Dion, ambao difu hufungwa kwenye chasisi huku magurudumu mawili yakiunganishwa kwa bomba, hivyo kupunguza uzito unaorukaruka pamoja na matairi. Kisha pima upana. Chasisi ya kawaida ni nyembamba, na tangu mwaka 2000 ipo nyingine iliyorefushwa na kupanuliwa inayoitwa SV, ambayo mtu mrefu au mwenye mwili mkubwa huitafuta hiyo tu. Andika mambo haya yote kwenye ukurasa mmoja, pamoja na namba ya chasisi na namba ya injini, na ukurasa huo uwe wa kwanza katika faili la gari.

Hatua ya pili: liunde huku ukiweka kumbukumbu

Kazi ya kuunganisha seti kwa kawaida huchukua kati ya saa 70 na 100 kwa mtu mwenye zana za kawaida na subira. Chasisi huja ikiwa imeshachomelewa na kupakwa rangi, na mabamba yake ya alumini yameshapigwa ribiti, kwa hiyo si kazi ya kuchomea wala ya kupiga rangi. Ni kazi ya kufunga. Utahitaji winchi ya kunyanyulia injini, ambayo hukodishwa kwa mwisho wa wiki, mtu wa pili wa kuongoza injini na giaboksi vikishuka pamoja kwa kuinamishwa ndani ya chasisi, na spana ya kupimia mkazo, ambayo usiiazime. Nunua yako, na iwe nzuri.

Hapa ndipo wengi hujiharibia bila kujua. Mimi nilipounda langu nilipiga picha nyingi za kujionyesha, gari likiwa limekaa kama mifupa ya samaki katikati ya gereji, lakini sikupiga picha hata moja ya kipimo cha spana nilipofunga bolti za saspensheni ya nyuma. Miaka baadaye mnunuzi wa kwanza, mhandisi mstaafu mwenye adabu nyingi, aliniuliza kwa upole bolti zile zilifungwa kwa kiasi gani na lini zilikaguliwa tena. Nilimjibu kwamba zilifungwa vizuri. Aliitikia kwa kichwa, akanishukuru kwa chai, na hakurudi.

Basi fanya hivi. Nunua daftari gumu na uipe kila siku ya kazi ukurasa wake: tarehe, saa ulizofanya kazi, kilichofungwa, kipimo cha mkazo kwa kila bolti inayoshika saspensheni, usukani, breki na mikanda ya usalama, na jina la aliyekuwa nawe. Ukishafunga bolti kwa kipimo chake, ichore mstari mwembamba wa rangi unaopita kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilichoshikwa, kwa sababu mstari ukikatika utajua bolti imelegea bila kuigusa, na picha ya mstari huo ni ushahidi usiohitaji maelezo. Piga picha za sehemu zitakazofichika baadaye: mapito ya nyaya nyuma ya dashibodi, mabomba ya breki ndani ya handaki la katikati, na upande wa chini wa tangi la mafuta. Hifadhi picha hizo mahali pawili, kwani simu huibiwa.

Usitupe risiti hata ya nati. Orodha ya vipande iliyokuja na masanduku nayo ibaki kwenye faili, pamoja na barua zozote za kiwanda kuhusu kipande kilichokosekana au kilichobadilishwa.

Hatua ya tatu: ukaguzi na usajili

Gari lililoundwa nyumbani haliruhusiwi barabarani mpaka lipite ukaguzi wa gari mojamoja, unaojulikana kwa herufi IVA, ambao mwaka 2009 ulichukua nafasi ya ule wa SVA ulioanza 1998. Wakaguzi ni wa wakala wa serikali wa DVSA, na hawana haraka. Hupima breki, taa, vioo, moshi na mengine mengi, na moja ya mambo yanayowaangusha watu ni kingo kali: sehemu za nje ambazo mwili wa mtu anayepita unaweza kuzigusa lazima ziwe na mviringo usiopungua milimita 2.5, ndiyo maana utaona magari mapya yamevishwa vikofia vya plastiki kila pembe. Kwa anayetumia seti ya kiwanda njia nafuu ni kulipia kwanza huduma ya kiwanda ya kulikagua gari lililokamilika, kisha kwenda IVA likiwa limeshasahihishwa.

Cheti kikipatikana, maombi ya usajili hupelekwa DVLA, wakala wa serikali unaosajili magari. Hapa kuna jambo lenye uzito mkubwa katika bei ya baadaye. Ikiwa vipande vyote ni vipya kutoka kwa mtengenezaji, na kisizidi kimoja kilichofanyiwa ukarabati, na una risiti za kuthibitisha, gari hupewa namba ya mwaka wa sasa. Ikiwa asili au umri wa vipande hauwezi kuthibitishwa, gari hupewa namba inayoanza na herufi Q, na herufi hiyo huishi na gari. Mnunuzi akiiona Q hupunguza bei kabla hajaona injini, hata kama kazi ilifanywa na mikono ya dhahabu. Mtu anayejiunganishia gari kwa vipande vya kuokoteza ili aokoe pesa afanye hesabu hiyo kwanza.

Hatua ya nne: litunze kwa namna ambayo mwingine ataweza kuithibitisha

Maili mia kadhaa za mwanzo endesha taratibu, kisha rudisha gari kwenye vigingi vya kulishikilia juu na pitia kila bolti yenye mstari wa rangi. Mwaga oili ya kwanza mapema. Andika.

Adui mkubwa wa gari hili ni maji ya chumvi. Mabomba ya chasisi ni chuma, mabamba yanayoyafunika ni alumini, na metali hizo mbili zikikutana penye unyevu alumini huliwa polepole; rangi huvimba kwenye kingo kama ngozi iliyoungua, na chini yake metali inakuwa imeshaanza kuoza. Magurudumu hurusha kokoto zinazochubua rangi ya mabomba ya nyuma, na barabara za Uingereza wakati wa baridi humwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Kwa hiyo usiliendeshe kwenye chumvi kama si lazima, osha uvungu wake, na kila majira ya kuchipua lala chini ya gari na brashi ndogo ya rangi, uguse kila mchubuko. Usilifunike kwa turubai likiwa limelowa.

Matairi nayo yana hila. Kwa kuwa gari ni jepesi, meno ya tairi hayaishi upesi, na mwenye gari hujidanganya kwamba matairi yake ni mapya ilhali mpira umeshakuwa mgumu kama kwato. Soma tarakimu nne zilizochapwa ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Upepo wake nao ni mdogo kuliko wa magari ya kawaida, kwa hiyo mkataze fundi wa pembeni mwa barabara asiujaze kwa mazoea yake.

Kwa mwenye injini ya K-series, tatizo linalojulikana ni gasketi iliyo kati ya kichwa cha injini na bloku. Injini hiyo hubeba maji kidogo, na yakipungua hata kiasi kisichoonekana joto hupanda kwa ghafla. Kagua chombo cha maji kabla ya kila safari, usiikanyage kabla haijapata moto, na kama gasketi ilishabadilishwa weka risiti pamoja na maelezo ya aina iliyotumika, maana hilo ndilo swali la pili utakaloulizwa baada ya lile la aliyelifunga gari. Mwenye kabureta akumbuke kwamba tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida Uingereza ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, ambayo hula mipira na mabomba ya zamani. Atumie ile ya E5 inayouzwa kama petroli ya daraja la juu. Na anayependa kwenda kwenye viwanja vya mbio ajue kwamba kona ndefu za kasi husukuma oili upande mmoja na kuiacha pampu ikivuta hewa, ndiyo sababu magari ya mbio huwekewa tangi la oili la pembeni. Kama umelipeleka gari uwanjani, sema. Mnunuzi mzoefu ataona alama kwenye breki na kwenye kingo za matairi kabla hujafungua mdomo.

Kuhusu bima, tafuta ile ya thamani iliyokubaliwa, ambayo wewe na kampuni mnaandikiana mapema kiasi kitakacholipwa gari likiangamia. Bima ya kawaida hukadiria thamani ya soko, na mkadiriaji asiyelifahamu gari hili huliona kama kikopo cha zamani kisicho hata na milango. Bima ya barabarani kwa kawaida haikufuati kwenye uwanja wa mbio.

Hatua ya tano: panga bei bila kuhesabu jasho lako

Saa zako 100 hazirudi. Hilo ni gumu kulimeza, lakini mnunuzi halipi mapenzi ya mtu mwingine. Vivyo hivyo shokapu za bei ghali, rimu nyepesi na vipande vya kaboni hurudisha sehemu tu ya gharama yake, na wakati mwingine ni busara kurudisha vipande vya asili kwenye gari na kuuza vile vya ziada peke yake.

Linganisha gari lako na magari yenye injini ileile, saspensheni ya nyuma ileile, upana uleule na umri unaokaribiana, ukikumbuka kwamba bei ya mfanyabiashara ina faida yake na dhamana yake ndani, hivyo mtu binafsi hawezi kuidai yote. Jambo la kufurahisha ni kwamba magari haya hushuka thamani polepole kuliko magari ya kawaida, kwa kuwa umbo halipitwi na wakati na vipuri vinapatikana. Tena gari la abiria la mtu binafsi halitozwi kodi ya faida ya mtaji nchini Uingereza, kwa hiyo ukibahatika kuuza kwa bei iliyozidi ya kununulia, tofauti ni yako. Anayeunda na kuuza gari baada ya gari, huyo ni mfanyabiashara na atatendewa kama mfanyabiashara.

Majira nayo yana neno lake. Gari lisilo na paa la maana linauzwa jua linapochomoza. Kuanzia Machi hadi Mei simu hulia, na Novemba hulia kidogo sana. Mwenye kuhitaji pesa Desemba ajiandae kupunguza, au alipeleke kwa mfanyabiashara aliyebobea katika aina hii ambaye huliuza kwa niaba yake na kukata kamisheni. Mnada wa jumla ni njia ya mwisho, kwani waliokaa pale hawakuja kutafuta Seven.

Hatua ya sita: liandae na ulitangaze

Lipeleke kwenye ukaguzi wa kila mwaka wa MOT hata kama cheti cha sasa kina miezi iliyobaki, maana cheti kibichi humaliza mabishano mengi. Kumbuka kwamba historia ya MOT ya kila gari iko wazi mtandaoni kwa yeyote mwenye namba ya gari, pamoja na maili zilizosomwa na kasoro zilizotajwa. Basi usiandike katika tangazo jambo ambalo historia hiyo itakukanusha. Safisha, lakini usiipulize injini kwa mashine ya maji wala usipake uvungu rangi nyeusi mbichi. Mnunuzi wa gari la seti akiuona uvungu uliopakwa rangi jana hujiuliza ni nini kinachofichwa leo.

Picha zako zijumuishe pua na mabamba ya ubavuni nyuma ya saspensheni ya mbele. Hapo ndipo ajali hujisema: gari likigongwa gurudumu la mbele, mabamba ya alumini hujikunja mawimbi madogo hata kama pua mpya ya faibaglasi imeshawekwa. Ukionyesha ubavu ulionyooka kwenye mwanga wa pembeni umekwisha kujibu swali kabla halijaulizwa. Onyesha pia upande wa chini wa injini, kwa kuwa chombo cha oili hukaa karibu sana na ardhi na hukwaruzwa na matuta.

Tangazo liseme injini, mwaka, saspensheni ya nyuma, upana wa chasisi, idadi ya gia, maili, aliyeliunda, na idadi ya wamiliki. Litaje kila kasoro. Litaje pia vitu vinavyokwenda na gari: paa la turubai, milango laini ya pembeni, hita, kifuniko, vipande vya asili ulivyovibadilisha, daftari na faili. Maneno kama «halina kasoro» yaache; kwa mauzo ya mtu binafsi sheria inadai gari liwe kama lilivyoelezwa, na neno moja la kujisifu linaweza kukurudia kama dai. Zaidi ya hapo, kifungu cha 75 cha Sheria ya Trafiki Barabarani ya mwaka 1988 kinafanya kuuza gari lisilo salama kuendeshwa barabarani kuwa kosa, nacho hakiwabagui wafanyabiashara na watu binafsi.

Hatua ya saba: mnunuzi anapokuja

Mwambie mapema avae viatu vyembamba, kwa sababu pedali zimekaribiana kiasi kwamba buti hukanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Acha injini iwe baridi mpaka afike, aiwashe mbele yako. Mpe daftari na faili kwanza, mwachie nusu saa na kikombe cha chai, ndipo umfungulie boneti. Mnunuzi aliyekwisha soma kurasa zako hulitazama gari kwa jicho la kuthibitisha. Aliyeanzia kwenye gari hulitazama kwa jicho la kutafuta kosa.

Safari ya kwanza uendeshe wewe, yeye akiwa abiria. Kabla ya kumkabidhi usukani, akuonyeshe leseni na uthibitisho kwamba bima yake inamruhusu kuendesha gari hili hasa, kisha awe na thamani ya gari mkononi mwako au katika akaunti yako, mkiandikiana kwamba akiharibu amenunua. Si kumdhalilisha mgeni. Gari lenye uzito wa kilo 500 na kidogo, lisilo na mifumo ya kumsaidia dereva, humtoka asiyelizoea katika mzunguko wa kwanza wenye maji.

Akipatana nawe bei atatoa kishika uchumba. Kiandikie stakabadhi inayosema kiasi, tarehe ya mwisho ya kumalizia, na kama kinarudishwa au hakirudishwi. Dalali au jamaa anayejitolea kulipa zaidi ya bei ili tofauti umtumie «msafirishaji» wake, huyo ni tapeli; mkate simu.

Hatua ya nane: malipo, karatasi na safari ya mwisho

Pokea malipo kwa uhamisho wa benki, na usitazame simu ya mnunuzi wala ujumbe aliokuonyesha, bali akaunti yako mwenyewe. Fedha zikiwa zimeingia, andikeni hati ya mauzo nakala mbili, yenye majina, namba ya gari, namba ya chasisi, maili, bei, saa na tarehe. Hati ya usajili ya V5C si ushahidi wa umiliki, na yenyewe inasema hivyo. Ndiyo maana hati ya mauzo na risiti ya kiwanda zina kazi yake. Iarifu DVLA mtandaoni papo hapo mkiwa wote wawili, mpe mnunuzi kile kipande cha kijani cha mmiliki mpya, na mkumbushe kwamba kodi ya barabara haihami pamoja na gari: wewe utarudishiwa miezi kamili iliyobaki, na yeye lazima alipe yake kabla hajatoka getini.

Wapo wanaouliza kama gari linaweza kupelekwa nyumbani. Usukani uko kulia, kama Kenya na Tanzania, na hilo ni jepesi. Mengine si mepesi. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, na hilo peke yake hufunga mlango kwa Seven nyingi zilizo sokoni. Tanzania hailikatazi gari kwa umri lakini hutoza ushuru wa ziada kwa yaliyozeeka. Anayelinunua ili alisafirishe lazima DVLA iarifiwe kwamba gari linaondoka nchini kabisa, na hiyo si taarifa ileile ya kubadili mmiliki. Kuhusu matuta ya Mombasa Road au ya Morogoro Road, na chombo cha oili kinachokaribia kugusa lami, nadhani nimeshasema ya kutosha.

Bima yako ivunje baada ya gari kuondoka, si asubuhi ya siku hiyo. Daftari la asili mpe mnunuzi, lakini bakiza nakala ya kila ukurasa na kila picha kwa miaka michache. Aliyenunua langu alinipigia wiki ya tatu: hita ilikuwa haitoi joto, na alitaka kujua bomba lake linapita wapi nyuma ya dashibodi kabla hajaanza kufungua. Nilitafuta picha za siku ya kumi na moja, nikamtumia mbili, na jioni hiyohiyo akaniandikia kwamba bomba lilikuwa limebanwa na klipu niliyoiweka mwenyewe.